Zima taa, kasa anataka kutaga

Mpenzi msomaji, kabla sijakupa ushauri wowote Jumapili ya leo, ni sharti nikiri kosa langu. Wakati wa likizo ya Aprili mwaka wa 2025 nilimfukuza mama mja mzito kutoka mahali alipokuwa amekuja kujifungulia. Sikumfukuza kwa rungu wala kwa matusi. Nilimfukuza kwa taa ya simu, huku nikicheka na watoto wangu, nikidhani kwamba ninawapa elimu.

Mama huyo alikuwa kasa.

Kama ilivyo desturi ya wengi wetu tuishio Nairobi, nilikuwa nimeweka akiba tangu Krismasi ili niwapeleke wanangu wawili, pamoja na binti wa dada yangu aliyekuwa kidato cha tatu, wakaione bahari. Tulipanda treni ya SGR hadi Mombasa, tukaingia matatu ya Malindi, tukashuka Gede na kuchukua tuktuk hadi Watamu, ambako tulikuwa tumepanga vyumba viwili katika nyumba isiyo mbali na ufuo. Usiku wa pili, baada ya chakula, watoto waliniomba tutembee mchangani tutafute kaa. Ilikuwa yapata saa nne na maji yalikuwa yamejaa.

Kitinda mimba wangu, mvulana wa miaka saba, ndiye aliyeona kwanza. "Mama, lile jiwe linatembea!"

Kweli, kitu cheusi, kipana kama meza ya sebuleni, kilikuwa kikijikokota kutoka majini. Kilisogea kidogo, kikapumzika, kikashusha pumzi kwa sauti kama ya mtu aliyebeba gunia la mahindi, kisha kikasogea tena. Papo hapo simu zikatoka mifukoni. Taa zikawaka, binti wa dada yangu akapiga magoti ili apate picha nzuri, naye kitinda mimba akaanza kurukaruka kwa furaha. Yule kasa akasimama. Aliinua kichwa akatazama mwanga, kisha akageuka polepole na kurudi baharini. Alituachia alama pana mchangani, mithili ya gurudumu la trekta lililopita na kurudi.

Hatukujua kwamba nyuma yetu alikuwapo mtu. Mzee mmoja aliyevaa kikoi, ambaye hushika doria ufuoni usiku, alikuwa amesimama gizani na tochi ndogo iliyofunikwa kwa karatasi nyekundu, nayo alikuwa ameizima.

"Shikamoo babu," watoto wakamwamkia.

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmemwona?"

"Tumemwona!" wakajibu kwa fahari.

"Alitaga?"

Hakuna aliyejibu. Mzee hakufoka. Aliketi mchangani, akazitazama zile alama mbili, moja ya kuja na moja ya kwenda, akasema, "Basi. Huenda akarudi alfajiri, huenda akarudi kesho. Lakini mwanangu," hapo alinigeukia mimi, "mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa hapa ni yule aliyeondoka."

Maneno hayo yalinichoma moyo. Ndiyo sababu leo nimeamua kuandika juu ya kasa na viota vyao, kwa maana kila Aprili na kila Agosti maelfu yetu huteremka pwani na watoto, na wengi hufanya nilivyofanya mimi, bila ubaya wowote ila kwa kutojua.

Kurudi alikozaliwa

Katika bahari ya Kenya kuna aina tano za kasa: kasa wa kijani, ng'amba, kigome, duvi na noa. Wanaotaga katika fuo zetu ni watatu wa kwanza, na aliye wengi zaidi ni kasa wa kijani. Jina lake halikutokana na rangi ya gamba bali na rangi ya mafuta yaliyo ndani ya mwili wake. Aliyekomaa huwa na gamba lenye urefu wa karibu mita moja, na uzito wake huweza kupita kilo 130.

Kasa huishi baharini maisha yake yote, lakini mayai yake hayawezi kuanguliwa majini. Kijusi kilicho ndani ya yai huhitaji hewa, na yai likilowa maji ya chumvi kwa muda mrefu hufa. Kwa hiyo mama hana budi kupanda nchi kavu, mahali asipoweza kukimbia wala kujitetea. Na hapandi popote tu. Hurudi katika eneo lile alikoanguliwa yeye mwenyewe, hata kama malisho yake yako mamia ya kilomita kutoka hapo. Wataalamu wamegundua kwamba kasa huweza kuhisi nguvu za sumaku za dunia, na kwamba nguvu hizo humwongoza kama vile dira inavyomwongoza nahodha.

Jambo lililonishangaza zaidi ni umri. Kasa wa kijani huchukua miaka 20 hadi 40 kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Nilipiga hesabu hapo mchangani. Ikiwa yule niliyemfukuza alikuwa na miaka 30, basi alianguliwa mwaka wa 1995, mwaka ambao mimi nilikuwa nikijifunza kuandika a, e, i, o, u katika darasa la kwanza. Kwa miaka hiyo yote alikwepa papa, nyavu na ndoana, akala nyasi za baharini, akakua, akakutana na dume, akarudi nyumbani. Kisha akakuta taa nne za simu.

Kazi ya usiku mmoja

Je, angefanya nini kama tungemwachia nafasi? Mzee alitueleza hatua kwa hatua, nami nimeyathibitisha maelezo yake kwa wataalamu.

Kasa huchagua mahali palipo juu ya mstari wa maji kujaa. Kwa mapezi ya mbele hufagia mchanga mkavu na kuchimba shimo la kutosha mwili wake. Halafu kwa mapezi ya nyuma, ambayo huyatumia kama vikombe, huchimba shimo la pili jembamba, lenye kina cha nusu mita au zaidi. Humo hutaga mayai kama 100 au 120, meupe na ya mviringo, yanayofanana na mpira wa tenisi ya mezani. Akimaliza huyafukia, hushindilia mchanga, kisha hurusha mchanga huku na huku ili adui asijue shimo liko wapi. Kazi hiyo yote huchukua saa moja, mbili au zaidi.

Watu wengi husema kwamba kasa hulia machozi ya uchungu anapotaga. Ukweli ni kwamba yale si machozi ya kilio. Kasa hutoa chumvi iliyozidi mwilini kwa njia ya tezi zilizo karibu na macho, naye hufanya hivyo hata akiwa baharini.

Kasa mmoja huweza kutaga mara tatu, nne, hata tano katika msimu mmoja, akipumzika yapata majuma mawili kati ya mara moja na nyingine. Baada ya hapo hutoweka, asionekane tena ufuoni kwa miaka miwili, mitatu au minne. Katika pwani yetu viota huweza kupatikana mwezi wowote, lakini msimu mkubwa ni ule wa mvua za masika, kuanzia karibu mwezi wa Machi hadi Julai. Hivyo basi, likizo ya Aprili huangukia katikati ya msimu wa kutaga, nayo likizo ya Agosti huwakuta watoto wa kasa wakitoka mashimoni.

Hatua za mwanzo ndizo za hatari zaidi. Kasa anapopanda ufuoni, na hata anapochimba, huogopa upesi. Mwanga, kelele au mtu akitembea mbele yake vyatosha kumrudisha majini. Akirudishwa mara moja anaweza kujaribu tena. Akirudishwa mara nyingi huweza kutaga mahali pabaya karibu mno na maji, au hata kuyaachilia mayai baharini, ambako huharibika yote.

Maadui wa kiota

Mayai hukaa mchangani siku 45 hadi 70, na mara nyingi huwa kama siku 60. Katika majuma hayo mama hayupo. Hajui na hatajua kilichowapata wanawe. Ulinzi wote umebakia kwa mchanga na kwa wale wanaopita juu yake.

Wapo maadui wa asili: kaa, kenge na nguchiro. Hao wamekuwapo tangu zamani, na kasa hutaga mayai mengi kwa sababu yao. Hukadiriwa kwamba ni mmoja tu kati ya 1,000 anayefikia utu uzima. Lakini sisi binadamu tumewaongezea wengine. Tumeleta mbwa wanaozurura. Tumejenga kuta hadi kwenye mchanga, na kasa akigonga ukuta hana pa kwenda. Tumepanga viti na vitanda vya kuotea jua ambavyo watu huviacha ufuoni usiku kucha. Tunaendesha pikipiki na magari juu ya mchanga, tukishindilia shimo ambalo vitoto vinatakiwa kulipanda kwa kuchimba. Na wapo wanaofuata zile alama za trekta asubuhi na mapema, wakafukua mayai na kuyala au kuyauza.

Joto nalo limekuwa adui. Kwa binadamu, jinsia ya mtoto huamuliwa mimba inapotungwa. Kwa kasa, huamuliwa na joto la mchanga. Mchanga ukiwa na kiasi cha nyuzi 29, huzaliwa wa kiume na wa kike. Ukiwa baridi zaidi wengi huwa wa kiume, ukiwa moto zaidi wengi huwa wa kike, na joto likipita kiasi mayai hufa. Mwaka wa 2018 wataalamu walitangaza kwamba upande wa kaskazini wa matumbawe makubwa ya Australia, kasa wachanga waliopimwa walikuwa wa kike kwa asilimia 99. Kizazi cha wake watupu bila waume, msomaji, kitadumu vipi? Ndiyo maana mvinje au mti mwingine unaotia kivuli ufuoni si wa kukatwa ovyo ili mwenye nyumba aione bahari vizuri zaidi.

Tena kuna taa. Vitoto vya kasa hutoka usiku, mchanga unapopoa, na huelekea mahali penye mwanga zaidi. Tangu dunia iumbwe, mahali hapo pamekuwa ni upeo wa bahari, unaong'aa kwa nyota na mwezi. Siku hizi ni taa ya geti, ya baa au ya barabara. Kitoto kikifuata taa hutambaa kuelekea nchi kavu, na jua likichomoza kabla hakijafika majini hukauka, au huliwa na kunguru, au hukanyagwa na gari.

"Watu wanalala njaa!"

Niliporudi Nairobi niliwasimulia akina mama wenzangu katika chama chetu. Mmoja wao, ambaye hana tabia ya kuficha lililo moyoni, aliniambia, "Dada, watu wanalala njaa, wewe unalia na kasa? Huko pwani si ni kitoweo chao?"

Swali hilo si la kupuuzwa. Ni kweli kwamba kasa ameliwa katika pwani hii kwa karne nyingi, na mafuta yake yametumiwa kama dawa. Gamba la ng'amba lilikuwa biashara kubwa: kitabu cha mabaharia wa Kigiriki kiitwacho Periplus, kilichoandikwa yapata miaka 2,000 iliyopita, kinalitaja miongoni mwa bidhaa zilizonunuliwa katika pwani ya Afrika Mashariki. Wavuvi wa kale hata walimtumia samaki aitwaye chazo, mwenye kigandishio kichwani. Walimfunga kamba mkiani, wakamwachilia ajigandishe kwenye gamba la kasa, kisha wakavuta.

Lakini nilimjibu dada huyo kwa mambo mawili.

La kwanza ni usalama wa mlaji mwenyewe. Mwezi wa Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na watu wengine 78 wakalazwa hospitalini. Nyama ya kasa huweza kuwa na sumu, ambayo wataalamu hudhani hutokana na vitu alivyokula kasa baharini. Sumu hiyo haionekani kwa macho, haiondoki kwa kuchemshwa, haina dawa ya kuiua, na mama anyonyeshaye huweza kumpitishia mtoto kwa maziwa. Waathiriwa wakubwa huwa watoto. Mwaka huu unaweza kula usidhurike, mwaka ujao ukazika.

La pili ni kwamba kasa ana kazi baharini. Kasa wa kijani hula nyasi za baharini, na nyasi zinazolishwa kwa kiasi huchipuka upya zikawa malisho na maficho ya samaki wachanga. Ng'amba hula sifongo ambazo zingeyasonga matumbawe. Noa hula konyeza. Mvuvi anayetaka samaki wa kumlisha mwanawe anamhitaji kasa, hata kama hamli.

Hata hivyo, yule dada alikuwa na haki katika jambo moja: si haki kumwambia mtu maskini alinde kasa kwa tumbo tupu. Mvuvi akimnasa kasa kwa bahati mbaya, wavu wake huraruka na siku yake ya kazi hupotea. Hili lilifikiriwa Watamu miaka mingi iliyopita. Mwaka wa 1997 wenyeji na wapenda bahari walianzisha mradi wa Watamu Turtle Watch kulinda viota, na leo kazi hiyo inaendelezwa na shirika la Local Ocean Conservation kwa ushirikiano na shirika la wanyamapori, KWS. Mvuvi aliyenasa kasa huwaita, kasa hukaguliwa, akiwa mzima huachiliwa, akiwa mgonjwa au amemeza plastiki hupelekwa kutibiwa. Mvuvi hupewa kifuta jasho kidogo cha kumsaidia kushona wavu. Si utajiri, lakini maelfu ya kasa wamerudi majini kwa njia hiyo.

Sheria nayo ipo. Tangu kutungwa kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013, mtu anayeua kasa, au kuuza nyama, mafuta, gamba au mayai yake, hujitafutia faini kubwa na kifungo. Lakini sheria haiwezi kukesha ufuoni kila usiku. Anayekesha ni mtu kama yule mzee wa kikoi.

Tulivyorudi mwezi wa Agosti

Watoto wangu hawakunipa amani. Kitinda mimba aliniuliza kila juma kama yule kasa alirudi. Sikuwa na jibu, na kwa kweli sina hadi leo. Lakini mzee alikuwa amehifadhi nambari yangu ya simu, na mwanzoni mwa Agosti alinipigia: kulikuwa na kiota cha katikati ya Juni kilichokaribia siku zake. Akiba ilikuwa ndogo, hivyo safari hii tulipanda basi la usiku.

Tulikuta eneo la kiota limezungushiwa vijiti na kamba. Mzee alitueleza kwamba mayai yale yalitagwa chini mno, mahali ambapo maji yangeyafikia, na wahifadhi wenye ujuzi na idhini waliyahamishia juu usiku uleule. Alisisitiza jambo hili, nami nalisisitiza: si kazi ya mtu yeyote tu. Saa chache baada ya kutagwa, kijusi hujishikiza ndani ya ganda, na yai likigeuzwa hapo kijusi huweza kufa. Ukiona mayai yamefukuliwa, usiyahamishe kwa huruma. Huruma hiyo huua.

Usiku wa kwanza hakikutoka kitu. Usiku wa pili, jua lilipokwisha kuzama, mchanga ulibonyea kidogo katikati, kama chungu cha ugali kinachoanza kutokota. Kikatokea kichwa kimoja. Kisha vitatu. Halafu mchanga wote ukachemka vitoto, kila kimoja kikitosha katika kiganja cha mtoto, vikipandana na kuanguka na kuinuka.

Jengo moja la jirani lilikuwa na taa kali ukutani. Mzee alikuwa ameenda mapema kumwomba askari wa zamu, naye akaizima bila maneno. Giza lilipotanda, bahari ikaonekana. Vitoto vikageuka vyote upande mmoja, vikashika njia.

Kimoja kiliangukia ndani ya alama ya mguu wa mtu, kikawa kinahangaika kama mtu aliyetumbukia shimoni. Mwanangu alinyosha mkono akiokoe. Mzee akamzuia. "Mwache atembee, mjukuu wangu. Njia hii ni darasa lake." Inaaminika kwamba safari hiyo fupi humsaidia kasa kuushika ufuo wake akilini, ili aje aujue tena. Kitoto kilipanda, kikaanguka, kikapanda tena, kikaenda zake. Wimbi la kwanza lilikirudisha nyuma. La pili likakichukua.

Hakuna aliyewasha simu. Hatuna hata picha moja ya usiku ule.

Tukiwa njiani kurudi chumbani, kitinda mimba aliniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba vitoto bado vinasikia, "Mama, watarudi lini?"

"Pengine mwaka wa 2055," nikamwambia.

Akahesabu kwa vidole, vidole vikamwishia. Dada yake akamsaidia. "Utakuwa na miaka 37."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi mimi ndiye nitakuja kuzima taa."

La kufanya

Mnamo Oktoba 2025, shirika la kimataifa linaloweka orodha ya viumbe walio hatarini, IUCN, lilitangaza habari ambazo sisi wazazi tunapaswa kuwasomea watoto. Kasa wa kijani, aliyekuwa katika orodha ya walio hatarini kwa miongo mingi, ameondolewa humo, kwa kuwa idadi yake duniani imeongezeka tangu miaka ya sabini. Si kila mahali amepona, naye ng'amba angali katika hatari kubwa kabisa. Lakini sababu ya kupona kwake si miujiza. Ni watu walioanza kulinda viota miaka 30, 40 na 50 iliyopita, bila kujua kama wangeishi kuona matunda. Waliokuwa wakikesha Watamu mwaka wa 1997 ndio kwanza watazamie kuwaona waliowalinda wakirudi kutaga.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, ukiteremka pwani na jamaa yako, shika haya machache.

Kwanza, usiku ukiwa ufuoni, zima taa ya simu na ya tochi. Macho yatazoea giza baada ya dakika chache. Ukiwa katika chumba kinachoelekea bahari, funga pazia, na umwombe mwenye nyumba azime taa za nje zisizo na kazi.

Pili, ukimwona kasa anapanda, simama palepale, keti, nyamaza. Usimkaribie mbele wala usimpige picha ya mwanga. Waite walinzi wa viota au maofisa wa KWS.

Tatu, asubuhi ukiona alama kama za trekta, usizifuate kwa miguu ya watu kumi na usichimbe. Toa habari.

Nne, watoto wakichimba mashimo na kujenga majumba ya mchanga, wayafukie kabla ya kuondoka. Ondoeni viti. Chukueni takataka zenu zote. Ni kweli mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwezi wa Agosti 2017, lakini chupa na nyuzi za nyavu zingali zinaelea, na kasa haoni tofauti kati ya plastiki na konyeza.

Tano, ukiuziwa nyama, mafuta, mayai, au kidani cha gamba la ng'amba, kataa. Asiyepata mnunuzi hatakuwa na haja ya kuwinda.

Hayo yote hayahitaji pesa. Mengi yake ni kuacha kufanya jambo fulani, na nijuavyo mimi, kuacha ndiko kugumu kwetu sisi watu wa mjini. Tumezoea kwamba kila kizuri lazima kimulikwe, kishikwe na kipigwe picha. Wanangu wamejifunza mengine usiku mmoja wa Agosti, nami nimejifunza pamoja nao, ingawa nilichelewa kwa kasa mmoja.

Tuonane Jumapili ijayo, majaliwa.